Msomaji wa Tano

Bahasha ya Mzee Bhanu ilifika Jumamosi asubuhi. Serah aliifungua akiwa amesimama jikoni, koti la kazini likiwa bado mwilini. Ndani mlikuwa na barua fupi na karatasi tano za njano.

Barua ilisema kwamba wasomaji watano wamekwisha kuusoma muswada wa Besi ya Nne. Wanne wameusifu, mmoja ameukataa, na wanne kwa mmoja wanatosha. Kama mwandishi hana pingamizi, aje nyumbani kwa Mzee, Queensbury, siku ya Alhamisi kutia saini, ili kitabu kiingie mtamboni na kiwafikie watoto kabla shule hazijafungwa. Akiikosa Alhamisi hiyo, itabidi angoje zamu ya mwaka ujao.

Serah aliisoma mara tatu, kisha akaketi. Kitabu hicho alikiandika kwa miaka miwili, sehemu kubwa kwenye basi, kati ya nyumba ya mzee mmoja na nyumba ya mwingine, kwa maana kazi yake London ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani. Kule Kitale alisomea ualimu. Hapa Thamesmead watu waliomjua walimjua kama binti mpole anayekaa na Emma ghorofa ya nne, asiyependa kusema mbele ya watu. Ni Emma, na karibu yeye peke yake, aliyejua kwamba anaandika.

Mzee Bhanu alikuwa na kiwanda cha uchapaji Kisumu kabla hajahamia Uingereza. Alipostaafu hakuweza kukaa bure, akawa anachapisha vitabu viwili vitatu kwa mwaka, vya Kiswahili, kwa ajili ya watoto wa hapa ambao mama zao huwasemesha Kiswahili nao wakajibu Kiingereza. Alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja kwa mtu yeyote: hachapi kitabu mpaka kisomwe na watu watano wasiojua nani kakiandika, na mwandishi naye haambiwi ni akina nani waliokisoma. Kila msomaji huandika maoni yake kwenye karatasi ya njano bila kutaja jina.

Serah alianza na zile nne tamu. Moja ilisema, "Kitabu kizuri. Watoto wamekifurahia. Hakuna tatizo." Nyingine, "Hadithi imeendelea vizuri tangu asubuhi ya kwanza hadi mwisho. Mchezo wa besiboli umeelezwa vizuri. Hakuna la kuongeza." Ya tatu na ya nne zilikuwa za namna hiyo hiyo, rangi tofauti za wino, mwandiko mmoja umelala, mwingine umesimama. Akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya birika.

Kisha akashika ya tano.

Iliandikwa kwa herufi kubwa, zimetetemeka, zimepandana, zimeegemea kushoto, na ilijaa pande zote mbili. "MWANDISHI HAJUI BESIBOLI," ilianza. "HUU NI MCHEZO WA RAUNDA, WANAOUCHEZA WASICHANA WA SHULE ZA MSINGI KENYA. GONGO LINASHIKWA KWA MKONO MMOJA, MPIRA UNARUSHWA KUTOKA CHINI YA KIUNO. TAZAMA KURASA 61, 74 NA 112. LAKINI HILO SI KOSA KUBWA. KOSA KUBWA NI NANJALA."

Serah aliacha kusoma, akasimama, akaketi tena.

Katika kitabu chake, watoto wa kijiji kimoja chini ya Mlima Elgon wanaibiwa asubuhi. Jua halichomozi. Wanagundua kwamba uwanja wao wa besiboli una siri: mtu akipiga mpira ukavuka mto, akazunguka besi zote bila kusimama, akifika ya nne anatokea nchi nyingine, ambako asubuhi zote zilizoibiwa zimefungiwa. Nanjala, msichana mdogo kuliko wote, ndiye anayesimama kwenye besi ya nne na kuuzuia mlango usijifunge wenzake wanaporudi mbio na asubuhi yao.

"WOTE WANARUDI," iliendelea karatasi. "WANAFANYA KARAMU KURASA KUMI. NANJALA HATAJWI TENA. AMEBAKI HUKO. HAKUNA ANAYEMUULIZA, HATA MAMA YAKE. MWANDISHI AMEMSAHAU MTOTO NJE. KITABU KISICHAPWE."

Alikimbilia kompyuta. Akatafuta jina Nanjala katika sura ya mwisho, halikuwamo. Akatafuta katika sura ya kabla yake, akalikuta mara moja tu: mikono yake miwili kwenye mlango. Mashavu yakamwaka moto, kana kwamba ameacha mtoto wa mtu kituoni akapanda basi.

Aibu ikikaa sana hugeuka ikamtafuta mtu wa kulaumiwa, na hadi kufika saa sita mchana ya Serah ilikwisha kumpata. Nani ameandika hivi? Si mgeni. Mgeni angejuaje raunda? Na kwa nini aandike kwa herufi za namna hii, kama mtu aliyebadilisha mkono makusudi mwandiko wake usijulikane? Mtu mwenye nia njema hajifichi. Huyu alimjua Serah, na alijua kwamba Serah angeutambua mwandiko wake.

Akampigia Emma. Emma alikuwa mhudumu pia, lakini yeye alilala kazini siku nne kwa wiki, tena nyumbani kwa huyo huyo Mzee Bhanu, akimtunza mkewe, Mama Shilpa, aliyepata kiharusi. Ndiye aliyemwambia Mzee habari za muswada, na Mzee, kwa kuwa hakuwajua vijana wa makanisani siku hizi, alimkabidhi nakala tano na karatasi za maoni awagawie watu anaowaamini.

Serah alimweleza habari za karatasi ya tano, akamuuliza alimpa nani.

"Achana na huyo," Emma alisema upesi. "Wanne wamekubali. We njoo utie saini." Kisha akasema Mama Shilpa anamwita, akakata simu. Serah hakusikia sauti ya mtu akiita.

Lakini wakati huo hakumshuku Emma. Aliyemshuku alikuwa Jotham.

Jotham alifundisha watoto Kiswahili kila Jumapili katika kanisa lao la Peckham, baada ya ibada. Alikuwa mtu wa mizaha. Mwaka uliopita Serah alijisahau akamgusia kwamba anaandika hadithi ya besiboli, na Jotham akacheka mpaka akaegemea mlango. "Besiboli? Wewe? Umewahi kuiona kwa macho?" Serah alimjibu kwamba aliicheza shuleni tangu darasa la nne, walikuwa wakiiita raunda tu. Ndivyo alivyoamini kwa moyo wake wote: kwamba raunda ni jina la shuleni na besiboli ndilo jina lake kubwa. Hakuna aliyemsahihisha, kwani wote aliokuwa akikaa nao walicheza raunda ile ile.

Kwa hiyo Jumapili alikwenda Peckham akiwa na mpango. Wakati wa chai alimsogelea Jotham, akamwambia simu yake imepoteza namba zote, tafadhali amwandikie ya kwake. Akampa kalamu na kipande cha karatasi, akasimama karibu kuliko kawaida.

Jotham aliandika. Tarakimu zilikaa safi, moja baada ya nyingine.

"Andika na jina," Serah alisema. "Kwa herufi kubwa."

"Herufi kubwa? Unataka kunifungulia jalada la polisi?"

Aliandika hata hivyo. Herufi zilinyooka kama za mwalimu, na Serah akajiambia: bila shaka. Mtu anayejua kubadilisha mwandiko hatajisaliti kirahisi namna hiyo. Akakunja karatasi, akaitia mkobani. Jotham akamtazama, na mzaha ukamtoka usoni.

"Serah, kama ni mambo ya kitabu, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Emma alinipa muswada, siku nyingi sasa. Haukuwa na jina, lakini kuona besiboli tu nikajua ni wako. Uko kwenye gari. Sijaufungua. Naogopa usiponipendeza nitakudanganya, na mimi nikidanganya naonekana."

"Hujasoma?"

"Hata ukurasa mmoja."

"Na karatasi ya njano?"

"Karatasi gani ya njano?"

Serah alimkazia macho akitafuta uongo, asiuone. Jotham alikwenda mpaka kwenye gari akarudi na muswada. Ulikuwa umefungwa na mpira wake vile vile, pembe zake kali, haujaguswa. Jotham akauliza, kwa aibu ya kweli, ni nani wengine waliopewa. Mama mmoja wa kwaya aliyekuwa akigawa maandazi akasema hata yeye alipewa, uko chini ya kitanda, atausoma akipata likizo.

Njiani kurudi Thamesmead Serah alipiga hesabu akaikataa, akaipiga tena. Nakala zilikuwa tano. Mbili ameziona au kusikia ziliko, na hazijasomwa. Zimebaki tatu. Tatu haziwezi kuleta maoni matano.

Alipofika nyumbani alizitandaza karatasi zote mezani, safari hii akaiweka kando ile ya tano na kuzisoma zile nne tamu kama mtu anayekagua noti bandia. Ndipo akaona ambacho alikiona tangu Jumamosi bila kukiona.

Juu ya kila karatasi, pembeni kushoto, kulikuwa na saa: 14:10. 14:25. 14:40. 14:55. Nani huandika saa kwenye maoni ya kitabu? Na katika karatasi ya tatu, mwandishi alikosea neno. Alikuwa ameandika "mteja", akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka ili lililokatwa liendelee kusomeka, juu yake akaandika "msomaji", na kando yake, ndogo kabisa, herufi mbili: E.N.

Kila mhudumu wa wazee London hufundishwa hivyo siku ya kwanza. Katika faili la mteja, yaani mzee anayehudumiwa, hufuti, hupaki wino mweupe, huchani ukurasa. Andika saa, ukikosea kata kwa mstari mmoja, weka herufi za jina lako. Serah mwenyewe alifanya hivyo mara kumi kwa siku. Jicho lake lilikuwa limezoea mno.

Na yale maneno. Hakuna tatizo. Hakuna la kuongeza. Kila jioni aliandika hayo hayo kuhusu wazee wake: amekula vizuri, amelala vizuri, hakuna la kuongeza. Wakati mwingine aliyaandika kabla mzee hajamaliza kula.

Emma Nekesa alirudi Jumatatu jioni na mfuko wa bamia kutoka kwa Wahindi wa Queensbury. Akauweka mezani, akaona karatasi, akaona kidole cha Serah kilipo.

Hakuuliza ni nini. Alivua viatu polepole, kimoja, kisha kingine.

"Watu wetu hawasomi, Serah," alisema hatimaye. "Wanapokea kwa mikono miwili, wanakuombea, wanakiweka chini ya kitanda. Wiki nne nimewapigia simu. Mzee kila asubuhi ananiuliza, maoni yako wapi? Akasema Ijumaa anafunga orodha. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungelia."

"Ningelia, halafu?"

Emma aliketi. Akasema aliziandika mchana mmoja Mama Shilpa alipokuwa amelala, kwa kalamu nne tofauti. Akasema alimwona Serah miaka miwili akiandika kwenye basi akiwa amelowa mvua, na asingekubali kitabu kife kwa sababu ya watu wavivu. Alisema yote hayo akiutazama mfuko wa bamia.

Serah aliuliza swali alilokuwa akiliogopa tangu jana. "Wewe ulikisoma?"

Emma alivisukuma viatu vyake chini ya meza.

"Nilifika ukurasa wa ishirini na mbili," Emma alisema. "Nilikuwa nimechoka, dada. Si kwamba ni kibaya."

Hilo ndilo lililouma. Uongo wa karatasi nne Serah angeweza kuumeza. Ulikuwa umepikwa kwa upendo. Lakini ukurasa wa ishirini na mbili Nanjala alikuwa bado hajazaliwa.

"Na hii ya tano? Ni kalamu yako ya tano?"

"Hiyo si yangu. Ni ya Mama Shilpa." Emma alishusha pumzi. "Aliona nakala kwenye begi langu akaiomba. Nilidhani anataka kutazama tu. Akasoma wiki mbili. Akajaza karatasi mwenyewe, akampa mumewe mkononi, hata hakunionyesha. Upande wa kulia haufanyi kazi, siku hizi anaandika kwa kushoto."

Serah alizitazama zile herufi zilizotetemeka. Mbili tatu zilikuwa zimetoboa karatasi.

"Mzee akijua kuhusu hizi nne, nimekwisha pale," Emma alisema. "Si yeye tu, na kampuni iliyoniajiri. Udanganyifu ni udanganyifu. Lakini wewe tia saini, Serah. Kitabu kikishatoka, nani atarudi nyuma kuuliza?"

Siku mbili walizungumza habari za chumvi na zamu ya kufagia tu. Serah aliangalia kila kitu cha Emma kwa jicho jipya: sifa za chakula, sifa za nguo, ule wimbo wa kila siku wa "umependeza". Alijiuliza mangapi kati ya hayo yalikatwa kwa mstari na yeye hakuuona.

Alhamisi alipanda treni Abbey Wood, akabadilisha Bond Street, akafika Queensbury saa nne. Emma alikuwa huko tangu jana. Ndiye aliyefungua mlango, na macho yake yakamwuliza Serah swali moja. Serah alimpita akaingia ndani, yeye mwenyewe bado hajaamua.

Mzee Bhanu alimkaribisha mezani. Mkataba ulikuwa tayari, kalamu juu yake, na pembeni orodha ya vitabu vya mwaka, majina matatu yameandikwa kwa mkono. Emma alileta chai ya maziwa, akabaki amesimama karibu na kabati bila sababu ya kubaki.

Serah alisema kwa sauti iliyomlazimu Mzee kuinama mbele. Alishukuru. Alisema hatatia saini. Alisema msomaji wa tano ana haki, kitabu hakijaisha, kuna mtoto ndani yake amesahauliwa na besiboli yenyewe si besiboli.

Mzee Bhanu alivua miwani. "Wanne wamesema ndiyo. Wewe unamfuata mmoja?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hao wanne wamekosea?"

Kikombe kiligonga kisahani karibu na kabati.

"Huyu wa tano alisoma mpaka mwisho," Serah alisema.

Mzee alifikiri. Aliivuta bahasha aliyowekea nakala za maoni, akatoa zile karatasi nne, akaziangalia moja moja, taratibu, kama mtu aliyekagua karatasi maisha yake yote. Alikaa sana kwenye ya tatu. Kisha akamwangalia Emma, si kwa hasira wala kwa upole, muda wa kutosha Emma kutazama chini.

"Nimechapa miaka arobaini," alisema. "Watu wanne wasome kitabu kimoja, asitokee hata mmoja wa kuuliza mtoto yuko wapi? Nilishangaa. Nikasema, labda nimezeeka." Akazirudisha karatasi kwenye bahasha. "Emma, mwezi ujao nakala nitagawa mwenyewe."

"Sawa, Mzee."

Hakuna aliyejua kama angesema zaidi siku nyingine. Alichukua kalamu, akakata Besi ya Nne kwenye orodha, akaandika jina la kitabu cha mtu mwingine. Serah aliiangalia kalamu ikifanya hivyo mpaka mwisho. Alitaka kuukumbuka mwendo wake.

Kutoka chumba cha pili sauti ikaita, nzito upande mmoja. Walipoingia, Mama Shilpa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, blanketi magotini, muswada juu ya blanketi umejaa vipande vya karatasi za kuwekea alama. Alimchunguza Serah kuanzia viatu.

"Huyu nani?"

"Rafiki yangu, Mama," Emma alisema. "Amekuja kusalimia."

"Rafiki anasalimia na mkataba?" Akamnyooshea Serah kidole cha kushoto. "Wewe ndiye umeacha yule mtoto nje."

Serah alisema shikamoo, kisha akasema ndiyo, ni yeye.

"Marahaba. Miaka kumi na tisa nimefundisha michezo, Kisumu, wasichana. Raunda yako ni nzuri. Mbio nzuri, mpira mzuri. Lakini nimekaa kwa mtoto wangu Toronto miaka mitatu, besiboli nimeona mpaka nimechoka. Emma, lete mwavuli."

Emma alileta mwavuli mrefu wa Mzee. Mama Shilpa akaamuru apewe mgeni.

"Mikono miwili. Hapana, hiyo unafukuza kuku. Ya kulia juu, ya kushoto chini, zimegusana. Viwiko juu. Geuza mguu. Sasa anayerusha anarusha kutoka juu ya bega, unaona? Inakuja kwa hasira. Na wewe unapiga kwa kiuno, si kwa mkono."

Serah, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watu akafanya lolote, alipiga hewa katikati ya sebule ya watu. Kitambaa cha meza kikaenda naye. Mama Shilpa alicheka kwa nusu ya mdomo, akasema arudie. Akarudia mara tano, ya sita ikakubaliwa.

"Sasa mtoto," Mama Shilpa alisema.

"Nimefikiria labda mama yake ndiye—"

"Usiniambie." Aliinua kiganja. "Nenda uandike. Ukimaliza lete. Macho yangu yamechoka na kitabu hiki, nataka kusomewa. Emma atanisomea, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho."

Emma, mlangoni, alikohoa. "Mama, ni kurasa mia moja na themanini."

"Zitaongezeka," Serah alisema.

Mama Shilpa akamgeukia mhudumu wake, akamtazama kwa makini, kama mtu ambaye naye ana mashaka yake.

"Na kila jioni," alisema, "nitakuuliza maswali."